Kusikia Gesi: Mtihani Mmoja kwa Watetezi wa Kiswahili

Hapana mada inayorudiwa katika makongamano ya vyama vya Kiswahili vyuoni kama ile ya uwezo wa lugha hii kubeba sayansi. Upo upande unaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, hadithi na siasa za majukwaani, na kwamba fizikia na kemia ziachiwe Kiingereza. Upo upande wa pili unaojibu kwa jazba kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na istilahi, na kwamba Kiswahili kikipewa nafasi kitafanya maajabu. Makofi hupigwa, chai hunywewa, na wajumbe hurejea makwao. Jambo linalozifananisha pande hizi mbili ni kwamba aghalabu hatokei hata mjumbe mmoja anayechukua kifaa kimoja cha kisayansi na kukieleza kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili wasikilizaji wajionee wenyewe iwapo lugha imekwama au haikukwama.

Ni dhahiri shahiri kwamba mjadala wa namna hiyo hauwezi kufika mbali. Uwezo wa jembe haujulikani kwa kulisifu wala kwa kulikashifu. Hujulikana kwa kulima. Makala haya yanachagua konde moja gumu, nalo ni vihisi vya gesi vinavyotumia leza na sauti, ambavyo katika fizikia huitwa vihisi vya fotoakustiki. Swali linalozingatiwa hasa ni jinsi ya kuviongezea vihisi hivyo uwezo wa kutambua gesi iliyo haba mno hewani. Rai inayotetewa ni kwamba Kiswahili kinalimudu jambo hili bila taabu kubwa. Waliopungua ni wanalugha walio radhi kuelewa kitu kabla ya kukipa jina.

Kifaa chenyewe

Mnamo mwaka 1880, Alexander Graham Bell, yule yule anayekumbukwa kwa simu, alikuwa nchini Marekani akijaribu kusafirisha sauti kwa mwanga wa jua, akisaidiwa na Charles Sumner Tainter. Katika majaribio hayo waligundua ajabu moja. Mwale wa jua ukikatizwa-katizwa upesi na kisahani chenye matundu kinachozunguka, kisha ukaangukia kitu chembamba, kitu hicho hutoa sauti. Mwaka uliofuata wa 1881, Bell mwenyewe, John Tyndall aliyekuwa akifanya kazi London, na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani walionyesha kwamba gesi nazo huvuma vivyo hivyo.

Sababu yake inaelezeka. Kila gesi ina rangi za mwanga ambazo huzimeza na rangi ambazo huziacha zipite. Nyingi ya rangi hizo zimo katika infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa jicho. Molekuli inapoumeza mwanga huo hupata nishati, kisha huigawa kwa kugongana na jirani zake. Gesi hupata joto na kutanuka. Mwanga ukikatwa, gesi hupoa na kunywea. Basi mwanga ukiwashwa na kuzimwa mara 1,000 kwa sekunde, gesi nayo hutanuka na kunywea mara 1,000 kwa sekunde, na kutanuka na kunywea kwa hewa namna hiyo ndiko sauti kwenyewe. Maikrofoni ikiwekwa kando huinasa. Gesi inayotafutwa ikiwa nyingi, sauti huwa kubwa. Ikiwa haba, huwa hafifu. Isipokuwapo, panapaswa kuwa kimya.

Ikumbukwe kwamba vifaa vingi vingine vya mwanga hupima gesi kwa njia tofauti. Hulinganisha mwanga ulioingia na mwanga uliotoka. Gesi ikiwa chache mno, tofauti ya miale hiyo miwili huwa ndogo kupindukia. Ni sawa na mtu anayetaka kujua uzito wa punje moja ya mchele kwa kupima gunia zima, kisha akaitoa punje hiyo na kulipima gunia tena. Kihisi cha fotoakustiki huliacha gunia na kuipima punje. Hakishughulikii mwanga uliopita. Husikiliza athari ya ule uliomezwa.

Leza iliingia katika kazi hii kwa sababu jua na taa za kawaida hutoa rangi nyingi kwa pamoja, ilhali leza hutoa rangi moja nyembamba yenye nguvu, inayoweza kuchaguliwa ili ilingane na ile inayomezwa na gesi fulani. Mwaka 1971, L. B. Kreuzer wa Marekani aliiangaza methani iliyochanganywa na nitrojeni kwa leza ya heli na neoni, akaripoti kwamba methani ingeweza kutambuliwa hata ikiwa sehemu 10 tu katika bilioni. Ili kiasi hicho kifahamike, na ikadiriwe kwamba sekunde bilioni moja ni takriban miaka 32. Kuitambua gesi ya kiwango hicho ni kama kuzitambua sekunde 10 katika miaka yote hiyo.

Njia za kuongeza uwezo wake

Njia ya kwanza ni kuongeza nguvu ya mwanga. Sauti ya gesi hukua kwa kadiri nguvu ya leza inavyokua. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliifuata njia hii hadi ukingoni katika miaka ya 1980 na 1990. Badala ya kuielekeza leza kwenye chumba cha gesi, waliingiza chumba hicho ndani ya leza yenyewe, katikati ya vioo vyake, mahali ambapo mwanga ni mkali zaidi. Kwa mbinu hiyo waliweza kuitambua ethilini iliyokuwa sehemu chache tu katika trilioni, ikiwa ni pamoja na ile inayotolewa na ua la okidi linaponyauka.

Njia ya pili ni ya umbo. Anayepuliza mdomo wa chupa hujua kwamba chupa haivumi kwa kila sauti, bali huchagua moja inayoifaa na kuikuza. Mrija nao ni vivyo hivyo. Mrija ulio wazi pande zote mbili, wenye urefu wa sentimita 10, katika hewa yenye joto la nyuzi 20 ambamo sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, huitikia mitetemo 1,715 kwa sekunde. Leza ikikatizwa kwa kasi hiyo hiyo, kila mtetemo mpya humkuta mwenzake njiani na kumsukuma, hata sauti ikakua maradufu mara nyingi. Hali hii yaweza kuitwa mwitikio, kwa sababu mrija na leza huhusiana kama waitikiaji na mghani: sauti ya mmoja ikiwafaa wengine, huipokea na kuipandisha. Hata hivyo, mwitikio una masharti. Joto likipanda hadi nyuzi 30, kasi ya sauti huongezeka na mrija ule ule huitaka mitetemo karibu 1,745. Leza inayoendelea na 1,715 huwa kama mghani aliyeachwa na waitikiaji wake.

Njia ya tatu ni kupunguza kelele, na hapa ndipo penye hekima kubwa kuliko pote. Kelele ni za aina mbili. Ipo ile itokayo nje: magari, mashine, nyayo, upepo wa gesi inayopita mrijani. Hii hupunguzwa kwa kutengeneza mirija miwili pacha, kila mmoja ukiwa na maikrofoni yake, na leza ikipita katika mmoja tu. Kelele ya nje husikika katika mirija yote miwili, kwa hiyo sauti ya mmoja ikitolewa katika sauti ya mwingine, kelele hufutika na sauti ya gesi hubaki. Kelele ya aina ya pili ni ya hila zaidi, kwa kuwa huzaliwa na leza yenyewe. Vioo ambamo mwale huingilia na kutokea humeza mwanga kidogo, na kuta vilevile, navyo hutoa sauti yenye mitetemo sawasawa na ya gesi. Kuongeza nguvu ya leza hakusaidii hapa, maana sauti ya uongo hukua pamoja na ya kweli. Dawa iliyopatikana ni kuacha kuuwasha na kuuzima mwanga, na badala yake kuiyumbisha rangi yake kidogo, mbele na nyuma ya ile inayomezwa na gesi. Kioo humeza rangi hizo zote karibu sawa, hivyo hakina cha kusema. Gesi humeza moja na kuiacha nyingine, hivyo hupaza sauti kila rangi inapopita mahali pake.

Njia ya nne ni kubadili sikio. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliiondoa maikrofoni na kuweka uma mdogo wa kwatzi, ule ule unaotumika katika saa za kawaida, unaotetema mara 32,768 kwa sekunde. Mwale wa leza hupita katikati ya meno mawili ya uma huo. Sauti ya gesi iliyo katikati huyasukuma meno kuelekea pande zinazopingana, na umeme hutokea. Kelele itokayo mbali huyasukuma meno yote upande mmoja, na umeme wake hujifuta. Nchini Ufini, watafiti wa Turku waliichukua njia nyingine: waliunda ulimi mwembamba wa silikoni unaopinda kwa msukumo mdogo wa hewa, na leza ya pili ikaupima mpindo wake.

Njia ya tano inahusu tabia ya molekuli zenyewe. Baadhi ya molekuli humeza mwanga lakini huchelewa kuigawa nishati yake. Kaboni monoksidi katika hewa kavu ni mfano mzuri. Mwanga hukatwa kabla molekuli haijatoa ilichonacho, na sauti huwa dhaifu ijapokuwa gesi ipo. Mvuke wa maji ukiongezwa kidogo, huiharakisha molekuli hiyo kuitoa nishati yake kama joto, na sauti huongezeka sana. Matokeo yake ni kwamba kiasi kile kile cha gesi chaweza kutoa sauti mbili tofauti katika hewa kavu na katika hewa yenye unyevu.

Njia ya mwisho ni subira. Kelele za kubahatisha hupungua kadiri kifaa kinavyosikiliza kwa muda mrefu, lakini hupungua kwa ubahili: anayetaka kuipunguza kelele kwa nusu hana budi kusikiliza kwa muda mara nne zaidi.

Unyeti au usikivu?

Msomaji aliyefika hapa ameshajionea kwamba lugha haikukwama. Yapo maneno yaliyotoholewa, kama vile leza, molekuli, infraredi na silikoni, na hakuna aibu katika kuyatumia. Leza yenyewe ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza zilizounganishwa, na anayejisumbua kuitafsiri hapati faida. Neno gesi lilibuniwa na Mflandri Jan Baptist van Helmont katika karne ya 17 kwa kuiga neno la Kiyunani, na Waingereza nao walilipokea kama wageni. Kukopa ni mwenendo wa lugha zote zilizo hai.

Shida ipo kwingine, nayo inaonekana katika neno lililo kiini cha mada hii. Uwezo wa kihisi kutambua kitu kidogo huitwaje? Baadhi ya wafasiri huandika unyeti. Neno hilo limetokana na nyeti, na kila Mswahili anajua nyeti ni nini: ni suala linalohitaji tahadhari, siri isiyofaa kutajwa hadharani, au sehemu za mwili zinazositiriwa. Kifaa chenye unyeti mkubwa kitaeleweka kuwa ni kifaa kinachoharibika upesi au kisichopaswa kuguswa. Mfasiri aliitazama kamusi ya Kiingereza, akaona neno moja lenye maana nyingi, akalichagulia kisawe cha maana isiyohusika. Hakukitazama kifaa.

Angelikitazama, angeliona kwamba Kiswahili kilikuwa kikimngoja. Katika lugha hii, kitenzi kusikia hakikufungwa kwenye masikio peke yake. Mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu, na pia husikia harufu. Anayeingia jikoni na kusema kwamba anasikia harufu ya moshi hatamki kosa. Anatumia uwezo wa kale wa lugha yake. Je, kihisi cha fotoakustiki hufanya nini ila kuisikia gesi, na kuisikia kwa sikio hasa? Neno usikivu lipo, linajulikana na watoto wa shule, na linabeba wazo ambalo unyeti haulibebi. Mtu msikivu hafananishwi na mwenye masikio makubwa. Msikivu ni yule anayeitenga kauli anayoambiwa na zogo lililomzunguka. Ndivyo ilivyo katika kifaa. Njia zote sita zilizoelezwa hapo juu hurejea kwenye jambo moja, nalo ni uwiano wa sauti ya gesi na kelele. Anayeikuza sauti na kelele kwa pamoja hajaongeza usikivu wowote. Ameongeza makelele tu. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Kwa hiyo istilahi bora ilipatikana kwa kuuelewa utendaji wa kifaa, kisha kuiuliza lugha ina nini. Utaratibu unaofuatwa mara nyingi ni kinyume cha huo: orodha ya maneno ya Kiingereza huwekwa upande wa kushoto, visawe hutafutwa upande wa kulia, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha orodha inapojaa.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba kazi hii ilikwisha kufanywa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na juhudi hiyo inastahili heshima. Lakini kamusi hutoa majina, nayo majina hayatoshi. Neno huishi katika sentensi, na sentensi huishi katika aya. Istilahi ambayo haijawahi kutumiwa katika maelezo kamili haijulikani bado kama inafaa. Isitoshe, sayansi haikusimama mwaka 1990. Uma wa kwatzi uliingia katika kazi hii miaka 12 baadaye.

Huenda pia ikasemwa kwamba usikivu utaleta utata, kwa kuwa neno hilo tayari lina maana yake katika malezi na mazungumzo. Wanaotoa hoja hii na walitafakari neno mzizi. Mwanabotania anao mzizi wake, mwanaisimu anao wake, na mwanahisabati anao wake. Haijasikika kwamba mwanafunzi wa mofolojia aliwahi kuchukua jembe ili aufukue mzizi wa kitenzi. Muktadha hufanya kazi yake.

Pingamizi zito zaidi ni lile la manufaa. Wanafizikia wa Kenya husoma kwa Kiingereza, huandika kwa Kiingereza, na hawajalalamika. Maelezo haya ya Kiswahili ni ya nani basi? Jibu lake ni kwamba gesi haziwachagui wanafizikia. Kila msimu wa baridi, zipo nyumba ambamo jiko la makaa huingizwa ndani na milango kufungwa, na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, huwaua watu usingizini. Vihisi vingi vya nyumbani vya gesi hiyo hutumia kemia badala ya leza, lakini mwenye kununua kihisi chochote anahitaji kuelezwa maana ya kusema kwamba kifaa kimesikia au hakikusikia. Aelezwe pia kwamba kimya cha kifaa dhaifu si ushahidi wa hewa safi. Maelezo hayo yakitolewa kwa neno lisiloeleweka, au yakiachwa katika karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya boksi, gharama yake ni uhai.

Mfano wa pili ni wa shambani. Wanavijiji wamevundika ndizi tangu zamani, wakijua kwamba tunda lililoiva likifunikwa pamoja na mabichi huyaivisha. Kinachofanya kazi humo ni ethilini, gesi ile ile iliyosikilizwa na Wanijmegen katika ua la okidi. Gesi hiyo hunyausha baadhi ya maua yaliyokatwa, yakiwemo ya karnesheni, na maua ya Naivasha husafiri safari ndefu hadi masoko ya Uholanzi. Mfanyakazi anayeyafungasha maua hayo, aghalabu mwanamke anayeijua vyema kazi ya kuvundika ndizi, ana nusu ya maarifa haya tayari. Nusu ya pili imefungiwa katika lugha ambayo hakuisoma kwa kiwango hicho. Ni nani atakayeziunganisha nusu hizo mbili, kama si mtu aliyefunzwa lugha?

Mfano wa tatu ni wa fundi. Kihisi cha kaboni monoksidi kinachotumia sauti, kikipimwa na kurekebishwa katika hewa kavu, kisha kikapelekwa Mombasa penye unyevu mwingi, chaweza kutoa jibu lisilo sahihi bila ya kuharibika hata kidogo. Fundi aliyekariri kwamba kifaa kina unyeti mkubwa atakifungua na kutafuta waya uliokatika. Fundi aliyeelezwa kwamba mvuke wa maji huifanya molekuli ipaze sauti ataupima unyevu kwanza.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Mwaka 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Haya ni mafanikio, na ni halali kuyafurahia. Lakini hadhi iliyoandikwa katika sheria na sherehe haimwelezi mtu yeyote jinsi molekuli inavyomeza mwanga. Kazi hiyo inabaki, na itabaki, mikononi mwa wanaoiandika lugha.

Wanafunzi wa fasihi hawapaswi kujitoa kwa kisingizio kwamba sayansi si uwanja wao. Ubingwa wa kuteua taswira inayofaa, kuijua maana ya neno hadi pembe zake, na kuipanga hoja ili hatua moja izae nyingine ndio wanaofunzwa kwa miaka. Ni kweli kwamba ubingwa huo una hatari zake. Taswira nzuri yaweza kupotosha, na mwandishi anayependa mapambo atapendezwa na gunia la mchele akaisahau gesi. Ndiyo maana mwanalugha hawezi kuifanya kazi hii peke yake. Anahitaji kuketi na mwanafizikia, aulize maswali ya kijinga bila haya, aandike, asomewe makosa yake, aandike tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lipo jambo moja linaloweza kuanza muhula huu, wala halihitaji fedha za wafadhili. Idara za Kiswahili na za fizikia aghalabu hutenganishwa na ua mmoja tu wa chuo. Kila mwanafunzi wa uzamili anayeandika kuhusu istilahi na atakiwe, kabla ya kuwasilisha orodha yoyote, kuwasilisha maelezo ya kurasa chache ya kifaa au utaratibu mmoja, yaliyosomwa na mtaalamu wa fani husika na kueleweka na msomaji asiyeijua fani hiyo. Istilahi zitakazotokea humo zitakuwa zimekwisha kufanyiwa jaribio. Zitakazoshindwa zitaonekana zilipokwama, na sababu yake itajulikana.

Nao waandaaji wa makongamano wana sehemu yao. Kwenye ratiba ya kongamano lijalo, penye mada ile ya kila mwaka kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi, na pawekwe meza moja mbele ya ukumbi na kifaa kimoja juu yake. Kila mzungumzaji, awe mtetezi au mpinzani, apewe dakika 15 za kukieleza kwa Kiswahili. Wasikilizaji wataamua wenyewe kama kilichokwama ni lugha au ni msemaji.